Je, Mungu alikuwa ndani ya ile taksi?

"Mimi ni mjane, nauza mitumba hapa Busia upande wa Uganda. Mume wangu alifariki, huu ni mwaka wa tatu, na tangu hapo maombi yangu yamekuwa makavu. Mwezi uliopita natoka soko la Owino, Kampala, na mzigo wangu, kondakta akaanza kukusanya nauli, naingiza mkono kwenye begi, pochi hakuna. Mama mmoja wa Kiislamu aliyekaa mbele yangu akapitisha noti juu ya bega, hata hakugeuka, akamwambia kondakta, 'Babiri,' yaani watu wawili. Alishuka Iganga, jina lake sikulijua. Nililia mpaka Bugiri, na moyoni nilijua kabisa Mungu yupo pale. Tangu siku hiyo kila siku natenda wema kwa mtu nisiyemjua, maji kwa madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani, ndizi kwa watoto wa mtaani, nikitumaini nitahisi tena vile. Sisikii chochote. Shemeji yangu anasema ilikuwa bahati na uchovu. Mchungaji wangu anasema Mungu hawezi kumtumia mtu asiyeokoka, nisije nikadanganywa. Usiku sipati usingizi, nawaza tu. Je, Mungu alikuwepo kweli? Na kama alikuwepo, mbona sasa ananikimbia?"

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Watu huacha kusema pole baada ya arobaini, lakini mwaka wa tatu mara nyingi ndio unaouma kwa namna yake, kwa sababu waombolezaji wameshatawanyika na ada ya shule haijatawanyika.

Najua umelisubiri jibu, kwa hiyo nalitanguliza. Ndiyo, naamini Mungu alikuwa ndani ya taksi ile. Naamini pia kwamba yupo pale unapomkabidhi dereva maji na husikii kitu. Hili la pili ndilo linalokusumbua, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Nianze na yule mama wa Iganga. Umelieleza tendo lake vizuri kuliko unavyojua. Hakugeuka. Hakuuliza pochi imepotelea wapi, hakukuhurumia mbele ya abiria kumi na kitu, hakusubiri umshukuru. Alisema neno moja tu, akakuhesabu pamoja naye. Kwa kondakta hamkuwa tena mwenye pesa na asiye na pesa. Mlikuwa abiria wawili waliolipa. Mathayo anapoanza Injili yake anampa mtoto atakayezaliwa jina Imanueli, Mungu pamoja nasi. Hasemi Mungu juu yetu akitutupia msaada kutoka mbali. Mtu anapokuhesabu upande wake wakati ungeweza kuachwa barabarani Lugazi na mzigo wako, anafanya kwa ukubwa wa nauli kile ambacho Maandiko yanasema Mungu anakifanya. Sishangai ulilia.

Na namna alivyofanya ina historia ndefu. Kumbuka Ruthu, mjane mwenzako, tena mgeni kutoka Moabu. Sheria ya Walawi iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, waache mabaki kwa maskini na mgeni. Boazi, mwenye shamba alilookotea Ruthu, alifanya zaidi ya sheria hiyo. Aliwaambia wavunaji wake wachomoe masuke kutoka kwenye matita na kuyaacha chini makusudi, Ruthu ayaokote, wala wasimkemee. Maana yake Ruthu aliongezewa shayiri bila kusimama mbele ya mtu na kuiomba. Wapo watu wanaojua kutoa hivyo, na kwa maoni yangu ni karama adimu kuliko kunena kwa lugha.

Hapo hapo kwenye Ruthu kuna jibu la shemeji yako. Kitabu chenyewe kinasema ilitukia kwa bahati tu akaangukia katika konde la Boazi. Mwandishi haogopi neno bahati. Ukikisoma kitabu kizima, sura zote nne, hutakuta mahali Mungu anaposema hata neno moja. Wanaosema ni watu, wanaopika ni watu, wanaobeba nafaka ni watu. Hata hivyo ukifika mwisho huna shaka ni nani aliyekuwa akifanya kazi. Kwa hiyo shemeji akikuambia yule mama alilipa kwa sababu ya moyo wake mwema, na kwamba wewe ulikuwa umechoka, mkubalie. Yote mawili ni kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba ukishaeleza jambo kwa njia ya kibinadamu, basi umemwondoa Mungu. Mungu wa Biblia hafanyi kazi kwenye mianya tu, pale ambapo maelezo yamekosekana.

Mchungaji wako namheshimu. Anataka kukulinda, na udanganyifu upo, nitaurudia. Ila kwa hili, nadhani Maandiko yanampinga. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakumchagua kuhani wala Mlawi. Alimchagua Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake walimwona amepotoka katika ibada, na ndiye aliyemimina mafuta na divai kwenye majeraha ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, na kumwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Eliya alilishwa na mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Kwa Koreshi mfalme wa Uajemi, Isaya anasema Bwana alimwita kwa jina ingawa hakumjua. Mungu hakuwahi kuwatuma watu wa kundi letu peke yao.

Tena, yule mama ana hazina yake mwenyewe. Katika Sahihi ya Muslim, mkusanyo mashuhuri wa hadithi za Mtume Muhammad, imo hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu yanayosimuliwa na Mtume, inayosema kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwambia mwanadamu: niliugua, hukuja kunitazama. Mja atashangaa: nikutazameje nawe ndiwe Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba mja fulani aliugua, na kama angekwenda kumtazama angemkuta Mungu kwake. Halafu vivyo hivyo kwa chakula, na kwa maji. Ukiiweka kando ya Mathayo 25, Yesu anaposema kwamba lolote ulilomtendea mdogo mmojawapo umemtendea yeye, utaona jinsi mambo hayo mawili yanavyotazamana. Huhitaji kubadili dini ili ukubali kwamba jirani yako Mwislamu amefundishwa kumtafuta Mungu kwa mwenye shida.

Sasa swali gumu: mbona uhisi siku ile, usihisi leo?

Tuangalie kwanza kilichotokea mwilini mwako. Kwa miaka mitatu wewe ndiye uliyebeba: watoto, kodi, marobota, wanaokudai na unaowadai. Mtu wa namna hiyo mwili wake hukaza, na hujui umekaza kwa sababu kila siku ni hivyo hivyo. Kisha ghafla, dakika ambayo hofu imepanda, mtu mwingine anabeba. Mwili unaachia. Machozi yanakuja ambayo hayahusu nauli peke yake. Mengine pengine ni ya mazishini, ulipokuwa unahudumia wageni na hukupata nafasi ya kulia. Mungu hutumia mwili tulio nao, hana njia ya kutugusa nje ya mwili. Lakini ona mambo yaliyohitajika ili hisia ile ije: shida ya kweli, hofu, mshangao, uchovu, na kutotarajia. Huwezi kuyapanga tena Jumanne asubuhi.

Kubwa zaidi ni kwamba umebadilisha kiti. Ndani ya taksi wewe ulikuwa mpokeaji. Kwenye foleni ya malori wewe ni mtoaji. Hisia uliyoipata ni ya mpokeaji, nawe unaitafuta ukiwa umekaa kwenye kiti cha mtoaji. Sidhani yule mama alishuka Iganga akiwa anatetemeka kwa uwepo wa Mungu. Huenda alikuwa anawaza kama atakuta maji ya moto nyumbani. Dereva uliyempa chupa ya maji baada ya kulala siku mbili kwenye lori, mbali na kwao, hujui alichohisi ulipoondoka. Kile unachokitafuta kwako huenda ulikiacha kwake.

Ndiyo maana Mathayo 25 inanifariji zaidi ya inavyonitisha. Sote tunakumbuka kondoo na mbuzi, tunasahau kwamba kondoo nao hawakujua. Waliolisha wenye njaa wanauliza, Bwana, ni lini tulikuona? Walimkaribisha Mfalme mwenyewe na hawakuhisi chochote cha pekee. Waliona mtu mwenye kiu, wakampa maji. Hawakukemewa kwa kutomtambua, wala hakuna aliyeulizwa alisikia nini moyoni.

Unaliona hata hapa kwetu kila mwaka wakati wa kuelekea Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Mahujaji wanatembea kwa siku nyingi ili wafike tarehe 3 Juni, wengine wanavuka kutoka Kenya na kupita mjini kwenu, miguu imevimba, kandambili zimekwisha. Kando ya barabara watu wanawapa maji, uji, mahali pa kulala. Muulize aliyetoa jerikani la maji alihisi nini, atakuangalia kama umechanganyikiwa. Ametoa maji. Lakini hujaji yule atalisimulia jerikani lile mpaka uzeeni.

Hapa niseme neno juu ya makanisa yetu. Uganda tumelelewa na uamsho wa Balokole, yaani "waliookoka", tangu miaka ya 1930, na uamsho ule ulitupa kitu kizuri, desturi ya kusimama na kutoa ushuhuda. Ila ushuhuda una tabia yake: hakuna anayesimama kusema, wiki hii sikuhisi kitu, nikampa mtu maji. Tunasikia kilele tu, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mtu mwenye imani ya kawaida anajiona ameachwa. Mama Teresa wa Kolkata alifariki 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 ulimwengu ukajua kwamba kwa miongo mingi, huku akiwaokota wanaokufa barabarani, yeye mwenyewe hakuuhisi uwepo wa Mungu, aliita giza. Simtaji ili ujilinganishe naye. Namtaja kwa sababu mtu angemtazama kutoka nje asingedhani hata siku moja kwamba Mungu amemkimbia.

Kuna jambo jingine linalozuia, na nalisema kwa upole. Unapotenda wema huku jicho moja liko kwa dereva na jingine linachungulia moyo wako kama umeanza kuwaka, jicho lile la pili linaharibu kazi. Ni kama kufunua sufuria ya matoke kila dakika: mvuke wote unatoka, na ndizi haziivi. Dereva naye anakuwa kifaa cha wewe kupatia hisia. Watu wanatambua wakitumiwa, hata kwa maji ya bure.

Basi ufanye nini? Ushauri wangu si uongeze matendo, ni ubadilishe saa ya kutazama. Katika Biblia uwepo wa Mungu mara nyingi hutambuliwa nyuma, jambo likishapita. Yakobo aliamka usingizini ndipo akasema kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua. Wale wanafunzi wawili waliokwenda Emau walitembea na Yesu aliyefufuka njia nzima wakidhani ni mgeni, wakamsihi alale kwao kwa kuwa jua limekuchwa, wakamjua mezani alipoumega mkate, naye akatoweka. Ndipo wakaanza kuulizana: kwani mioyo yetu haikuwa inawaka kule njiani? Ilikuwa inawaka kweli. Njiani hawakujua ni nini.

Ignatius wa Loyola, aliyeanzisha shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, aliwafundisha watu sala ya kuipitia siku kwa nyuma. Wengi hudhani ni kuhesabu dhambi kabla ya kulala. Inaanza na shukrani, na kwako ningependa ikae hapo hapo kwa muda. Jioni ukishafunga kibanda, kabla hujashika simu, kaa juu ya robota lako. Omba mwanga, kwa maneno machache. Kisha rudi nyuma kwenye siku: asubuhi, nani alikuwa wa kwanza kukusalimu? Nani alikushikia mzigo? Ni mteja gani aliyekaribia kuondoka na chenji iliyozidi, akarudi kukupa? Usitafute makubwa. Kijana wa boda aliyekusubiri mpaka mlango ufunguliwe kwa sababu taa ilikuwa imekatika, huyo anatosha. Mtaje kwa Mungu hata kama jina hulijui. Ukifika kwenye jambo lililokuuma, nalo litaje, usiliruke. Ukisinzia katikati, lala. Hiyo nayo ni sala kwa mwenye usingizi wa shida kama wako.

Ona kwamba nimekuuliza ulichopokea, sijauliza ulichotoa. Nimefanya hivyo makusudi. Mfiwa macho yake huwa yamezoea kuona kilichopungua: kiti kitupu, simu isiyolia. Hilo si dhambi, ndivyo huzuni inavyofanya kazi. Lakini wema mdogo unapita mbele yake bila kuandikwa. Ukimwuliza swali lile lile kila jioni, baada ya muda mchana nao macho yanaanza kutafuta jibu. Siwezi kukuahidi machozi ya Bugiri. Wengi huniambia kitu cha chini zaidi, kwamba wameanza kujisikia hawako peke yao mchana kutwa. Wengine hawapati hata hilo, wanapata nidhamu tu, na wanaendelea nayo.

Wema wako kwa wageni usiuache. Punguza tu. Kila siku kwa lazima kumekuwa deni, na wewe madeni unayo ya kutosha. Siku ikileta mtu, msaidie. Isipoleta, nenda nyumbani. Maji kwa madereva ni jambo jema sana. Kwa watoto wa mtaani, chakula wakile mbele yako ni afadhali kuliko pesa. Kampala ilifikia kutunga sheria ndogo mwaka 2019 dhidi ya kuwapa watoto wa mtaani wa mjini humo pesa, hata chakula na nguo, kwa sababu nyuma ya mtoto mara nyingi yuko mtu mzima anayekusanya. Mimi sipendi sheria inayomtisha mwenye huruma, lakini tatizo lililoizaa ni la kweli.

Nilisema nitaurudia udanganyifu. Mjane anayelia akitendewa wema ni windo. Atakuja mwanamume atakayekulipia kitu, na mtu kwenye kikundi chako cha maombi atasema Bwana amejibu. Wema wa mgeni haukuambii nani wa kuolewa naye wala uweke pesa zako wapi. Yule mama wa Iganga hakuacha namba ya simu, na hiyo ni sehemu ya uzuri wa tendo lake. Wema unaorudi wiki ijayo na ombi, uupime polepole, na uwashirikishe watu wazima wa kwenu. Vivyo hivyo, mtu akikuambia ukavu wako utaisha ukipanda mbegu ya laki kadhaa, shika pochi yako. Mkesha ukiupenda nenda, lakini kwa mtu ambaye tayari halali, mimi nisingeushauri kwa sasa.

Na hapo kwenye kutolala ndipo nataka uache kunisoma na uonane na mtu ana kwa ana. Ukavu wa kiroho na ugonjwa wa huzuni vinafanana kwa nje, na mtu anaweza kuwa navyo vyote. Ukavu peke yake hukuacha unakula, unacheka na watoto, unauza, ila sala haina ladha. Kama usingizi umekataa kwa wiki nyingi, chakula hakipandi, biashara imekushinda, unajilaumu kwa kifo cha mume wako, unasikia sauti zinazokuamuru, au limewahi kukupitia wazo kwamba afadhali usingekuwepo, hilo si la mshauri wa kiroho peke yake. Wazo hilo la mwisho likija, usikae nalo usiku kucha. Mwamshe mtu wa nyumbani au jirani akupeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa mengine, anza na kituo cha afya hapo Busia, uombe kuonana na anayeshughulikia afya ya akili. Wakikutuma mbele, hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo chake, na Kampala unakokwenda kununua mzigo ipo Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ambayo si ya "wendawazimu" kama watu wanavyosema sokoni. Wanatibu pia watu wanaofanya kazi zao na kurudi nyumbani.

Nenda na mtu unayemwamini, hata shemeji yako. Mwenye mashaka mara nyingi ni msindikizaji mzuri hospitalini. Ukikaa mbele ya mhudumu, anza na usingizi: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, tangu lini. Habari za maombi zitafuata akishayaandika hayo.